Sakania na Hesabu ya Njia za Shaba

Mufulira na Mansa ni miji ya nchi moja, Zambia, lakini njia fupi ya kutoka mmoja hadi mwingine inakatiza nchi ya pili. Msafiri anavuka mpaka Mokambo, anakwenda takriban kilomita 70 ndani ya Kongo, kisha anarudi Zambia kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008 juu ya mto Luapula. Safari nzima haifiki kilomita 200. Asiyetaka kukanyaga ardhi ya Kongo sharti ateremke kusini hadi Kapiri Mposhi, apande kaskazini-mashariki hadi Serenje, halafu apinde tena kuelekea Samfya na Mansa. Hapo amekwishamaliza zaidi ya kilomita 600. Hata hivyo wapo madereva wanaoichagua njia ndefu, na wana sababu. Njia fupi ina mipaka miwili, karatasi za kugongwa mihuri, ada za kulipa, na saa za kusubiri ambazo hakuna anayezijua kabla ya kufika.

Kipande hicho cha Kongo kilichojipenyeza ndani ya Zambia ni sehemu ya teritwari ya Sakania, mkoa wa Haut-Katanga. Kilizaliwa mezani. Tarehe 12 Mei 1894, Uingereza na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyejitwalia Kongo kama mali yake, walikubaliana kwamba mpaka uufuate mto Luapula hadi unapotoka katika ziwa Bangweulu, ushuke kusini kwa mstari wa longitudo mpaka kwenye mgongo wa ardhi unaogawa maji ya Kongo na ya Zambezi, kisha uandamane na mgongo huo kuelekea magharibi. Tume ya Waingereza na Wabelgiji ilipokuja kuuweka alama ardhini kati ya 1911 na 1914, reli ilikuwa imeshapita.

Teritwari hiyo moja imebeba vivuko vitatu vikuu vya Katanga kuelekea Zambia: Kasumbalesa, ambako malori hupita kwa wingi zaidi, Mokambo, mkabala na Mufulira, na Sakania yenyewe, mji wa reli ulio karibu zaidi na Ndola kuliko Lubumbashi. Shaba ya Katanga haina bahari. Ili ifike melini, mtu lazima aamue itoke kwa mlango upi, ipande reli gani, ipakuliwe na kupakiwa mara ngapi, na behewa lililoipeleka lirudi na nini. Wanahisabati waliyapa maswali hayo majina na kanuni katika karne ya 20. Watu wa reli, wa forodha na wa usukani waliopitia Sakania walikuwa wakiyajibu kila siku kwa makadirio, na historia ya makadirio yao inastahili kusomwa kwa uzito uleule tunaowapa wanahisabati.

Uamuzi wa njia ni wa zamani kuliko reli. Msiri, mwana wa Kalasa, mfanyabiashara wa shaba kutoka Unyamwezi, alijenga ufalme wake Bunkeya katika nusu ya pili ya karne ya 19, mahali ambapo misafara ya bahari mbili ilikutana. Upande wa mashariki walikuja Waswahili na Waarabu waliopitia Tabora hadi pwani ya Bahari ya Hindi; upande wa magharibi walikuja Waovimbundu waliofunga safari hadi Benguela, kwenye Atlantiki. Shaba iliyomiminwa kwa umbo la msalaba, pembe za ndovu na wanadamu waliofanywa watumwa vilipelekwa pande zote mbili. Kiongozi wa msafara hakupima njia kwa urefu peke yake. Alipima maji, chakula cha wapagazi, vita vilivyokuwa vimewaka njiani, na hongo iliyotakiwa na kila mtemi ambaye nchi yake ilipitwa. Njia ya siku nyingi yenye watemi wachache iliweza kuwa rahisi kuliko njia ya mkato. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na askari wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Leopold, na hesabu ya njia ikahamia mikononi mwa makampuni.

Reli iliyotoka kusini ilifika Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe, mwaka 1906, ikakwama. Madini ya risasi na zinki ya pale yalikuwa magumu kuchenjuliwa kwa ufundi wa wakati huo, na reli isiyo na mzigo ni deni. Aliyeikwamua ni Robert Williams, Mskoti wa kampuni ya Tanganyika Concessions, ambaye alikuwa na hisa katika shaba ya Katanga. Mwaka uleule wa 1906 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa, na pamoja nayo kampuni ya reli ya BCK, jina ambalo wazee wa Lubumbashi bado wanalitaja. Reli iligusa Sakania tarehe 11 Desemba 1909. Mwaka uliofuata ikafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likaanza kumimina, na shaba ya mwaka huo wa kwanza, karibu tani 1,000, ikashuka kusini kupitia Sakania kwenda bandari ya Beira.

Ukiitazama njia hiyo kwenye ramani utashangaa. Kwa mstari ulionyooka, Sakania na Beira zimetengana kwa takriban kilomita 1,000. Kwa reli, mzigo ulikwenda zaidi ya kilomita 2,000: uliteremka Ndola, Broken Hill na Livingstone, ukavuka daraja la Maporomoko ya Victoria lililofunguliwa mwaka 1905, ukafika Bulawayo kusini kabisa, ndipo ukageuka kwenda Salisbury na kushuka pwani. Hakuna mhandisi aliyekusudia kuchora njia hiyo kwa ajili ya shaba ya Katanga. Vipande vyake vilijengwa na watu tofauti kwa shabaha tofauti: dhahabu ya Rhodesia, makaa ya mawe ya Wankie, ndoto ya Cecil Rhodes ya reli ya Cape hadi Cairo. Shaba ilipokea mtandao uliokwisha kuwapo na kuutumia ulivyo. Hali hiyo ndiyo inayowakuta wapangaji wengi wa safari hata leo: barabara hawazichagui, wanachagua namna ya kuzitumia.

Mji wa Sakania ulijengwa na kazi hiyo. Pale ndipo mabehewa yaliacha mikono ya reli ya Rhodesia yakaingia mikononi mwa reli ya Katanga, na palihitajika watu wa kukagua, kuhesabu, kuandika, kupanga foleni ya mabehewa na kuamua lipi litangulie. Walamba, ambao nchi yao imelala pande zote mbili za mpaka, walijikuta wana jamaa Ndola wa kuombewa ruhusa kuwatembelea.

Utajiri wa hesabu ya Sakania haukuwa katika shaba iliyotoka. Ulikuwa katika kilichoingia. Matanuru ya Lubumbashi yalihitaji makaa na koki, na Katanga haikuwa na makaa mazuri ya kutosha kwa kazi hiyo. Wankie, ambayo leo ni Hwange, nchini Zimbabwe, ilikuwa nayo. Kwa hiyo mabehewa yalipanda kaskazini yamebeba makaa, yakashuka kusini yamebeba shaba. Mahindi ya kulisha wafanyakazi wa migodi nayo yalipanda kwa njia hiyohiyo kutoka mashamba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Behewa linalorudi tupu linakula makaa ya mvuke, linachakaza reli, linamchosha dereva, na halimlipi mtu. Reli ya Rhodesia iliielewa hesabu hiyo barabara. Kwa migodi ya upande wa Rhodesia ya Kaskazini ilifikia hatua ya kuunganisha mambo mawili: nauli nafuu ya makaa kwa sharti kwamba shaba nayo ipite kwake hadi Beira.

Mwaka 1964 Waingereza wawili, G. Clarke na J. W. Wright, walichapisha mbinu ambayo hadi leo hufundishwa kwa kila mwanafunzi wa usafirishaji. Ilitokana na kazi ya kugawa bidhaa za ushirika wa Cooperative Wholesale Society huko Uingereza. Anza kwa kudhani kwamba kila mteja anapelekewa gari lake peke yake, kwenda na kurudi. Kisha jiulize: wateja wawili wakiunganishwa katika safari moja, tunaokoa kilomita ngapi? Panga akiba hizo kuanzia kubwa hadi ndogo, na uunganishe kwa mfuatano huo mpaka magari yajae. Mbinu hiyo haiahidi jibu bora kabisa. Inaahidi jibu zuri, haraka, ambalo karani mwenye penseli anaweza kulifikia. Wataalamu wa kompyuta huziita kanuni za namna hiyo hyuristiki, yaani makadirio ya busara. Makaa yanayopanda na shaba inayoshuka kwa behewa moja ni wazo hilohilo la akiba, na lilikuwa likifanya kazi kwenye reli ya Sakania nusu karne kabla ya makala ya Clarke na Wright.

Kwa nini watu wenye akili wakubali jibu zuri badala ya jibu bora? Sababu ni wingi. Lori linalotakiwa kuzungukia miji 10 na kurudi lilikotoka lina mizunguko 181,440 ya kuchagua. Miji ikiwa 20, hesabu ya mizunguko ina tarakimu 17. Mwaka 1954 George Dantzig, Ray Fulkerson na Selmer Johnson walitatua kwa uhakika mzunguko wa miji 49 ya Marekani, na ilichukuliwa kuwa ushujaa wa kisayansi. Mwaka 1972 Richard Karp alionyesha kwamba tatizo hilo ni miongoni mwa yale ambayo hakuna aliyewahi kuyapatia njia ya haraka ya uhakika. Mpangaji wa mabehewa hakuwa na muda wa kusubiri. Treni inaondoka asubuhi.

Wabelgiji hawakuridhika kuona shaba ya koloni lao ikiitajirisha reli ya Waingereza. Mwaka 1918 reli ya Katanga ilifika Bukama, ambako mzigo ungeweza kupakiwa kwenye meli za mto Lualaba hadi Kabalo, kupanda treni hadi Albertville, ambayo ni Kalemie, kuvuka ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kupanda treni tena hadi Dar es Salaam. Huko Ubelgiji ilipewa eneo lake bandarini kwa mkataba wa mwaka 1921, na wenyeji wa Dar walilijua kwa jina la Belbase. Mwaka 1928 reli ya BCK ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, na hapo ikafunguka ile iliyoitwa njia ya taifa: reli hadi Ilebo, meli za mto Kasai na Kongo hadi Léopoldville, reli tena hadi Matadi. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na Katanga kupitia Dilolo, na bandari ya Lobito ikawa umbali wa takriban kilomita 2,100 kutoka Lubumbashi.

Njia ya taifa ilikuwa na urefu wa takriban kilomita 2,700, na mzigo ulishikwa upya Ilebo na upya tena Léopoldville. Lobito ilikuwa fupi, reli tupu mwanzo hadi mwisho, na ilitazama Ulaya. Mtu anayepima kwa kilomita angepeleka kila kitu Lobito. Serikali ya koloni ilipima vingine: ikashusha nauli za njia yake ili shaba ipite ardhi ya Kongo, kwa sababu nauli inayolipwa BCK inabaki nyumbani, na inayolipwa Benguela inakwenda kwa Mreno. Kwa lugha ya wanahisabati, kila kipande cha njia kina uzito wake, na uzito ni kile ambacho mwenye uamuzi amekubali kukihesabu kuwa gharama. Kilomita ni uzito mmojawapo tu. Sakania ilipoteza sehemu ya mizigo yake katika miaka hiyo bila reli yake kurefuka hata hatua moja.

Wakati huohuo, mbali na Katanga, mtu mwingine wa reli alikuwa akiyafikiria mambo haya kwa kalamu. Mwaka 1930 A. N. Tolstoi alichapisha huko Urusi ya Kisovieti uchunguzi wa namna ya kusafirisha mizigo kwa kilomita chache kabisa kwa jumla, na akautatua mfano wenye vituo 10 vya kutoa bidhaa na 68 vya kupokea. Wazo lake lilikuwa kutafuta mizunguko: ikiwa mabehewa ya bidhaa ileile yanapishana njiani, moja likielekea kaskazini na jingine kusini, kuna kilomita za kuokoa. Baada yake Leonid Kantorovich, naye Msovieti, na Tjalling Koopmans, Mholanzi aliyekwenda Marekani na kufanya kazi ya kupanga safari za meli wakati wa vita, waliifanya hesabu hiyo kuwa nadharia kamili.

Kantorovich na Koopmans walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mnamo Oktoba 1975. Mwaka huo ndio ambao nadharia ya njia bora ilipewa heshima yake kubwa kabisa, na ndio ambao milango ya shaba ilianza kufungwa mmoja baada ya mwingine.

Mlango wa kwanza uliofungwa ulikuwa Lobito. Vita vya Angola vilisimamisha reli ya Benguela mnamo Agosti 1975. Tarehe 3 Machi 1976 Samora Machel alifunga mpaka wa Msumbiji na Rhodesia, na njia ya zamani ya Beira ikakatika. Katika muda wa miezi saba tu, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa chini ya Mobutu, ilipoteza bandari mbili. Zambia ilikuwa katika shida kama hiyo kwa muda mrefu zaidi, tangu Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965. Bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,700, lilikamilika mwaka 1968 na kuishia Ndola, jirani kabisa na Sakania. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kuanzia 1970, na treni zake zilianza kupita mwaka 1975.

Kwa Zaire yalibaki machaguo matatu, na hakuna lililokuwa zuri. Njia ya taifa ilikuwa ya nyumbani lakini ya polepole. Njia ya mashariki, kwa Kalemie au kwa Zambia na TAZARA, ilitegemea vichwa vya treni vilivyoharibika mara kwa mara na bandari ya Dar iliyokuwa imeelemewa. Njia ya kusini kupitia Sakania ilikuwa ndefu kuliko zote, ikienda mpaka bandari za Afrika Kusini ya makaburu, utawala ambao nchi za Afrika zilikuwa zikiupinga hadharani. Katika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya shaba na kobalti ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipita huko huko. Fedheha hiyo haikuonekana katika jedwali lolote la nauli, lakini kila waziri aliyetia sahihi aliijua.

Kuna tawi la hisabati ambalo Sakania inalifafanua vizuri kuliko mifano mingi ya vitabuni. Mwaka 1955 Wamarekani wawili, T. E. Harris na F. S. Ross, waliandika ripoti ya siri kuhusu reli za Kisovieti na za Ulaya ya Mashariki. Walitaka kujua mzigo mwingi kiasi gani ungeweza kupita kutoka mashariki hadi magharibi, na ni vipande vipi vichache ambavyo vikikatwa vingezuia mtiririko wote. Lester Ford na Ray Fulkerson walithibitisha kwamba maswali hayo mawili yana jibu moja: mzigo mkubwa kabisa unaoweza kupita ni sawa na uwezo wa mkato mdogo kabisa. Ripoti ya Harris na Ross ilifunguliwa kwa umma mwaka 1999 tu. Katanga iliujua ukweli huo bila ripoti. Wakati Katanga ilipojitenga chini ya Moïse Tshombe, kati ya Julai 1960 na Januari 1963, kuharibiwa kwa daraja la mto Lubilash kulitosha kuifunga njia nzima ya Ilebo. Kwa upande wa kusini, mkato mdogo kabisa ni teritwari ya Sakania. Funga Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, na Katanga haina njia kuu ya kwenda Zambia.

Mnamo Agosti 2024 jambo hilo lilitokea. Kongo ilikuwa imezuia vinywaji kutoka Zambia, wafanyabiashara na wasafirishaji wakaandamana upande wa Kasumbalesa, na serikali ya Zambia ikatangaza kuvifunga vivuko vyote vitatu kwa mara moja. Ilichukua siku chache tu kabla ya kufunguliwa. Siku hizo zilitosha kuonyesha jinsi njia ya nchi ya pili kwa uzalishaji wa shaba duniani inavyopita katika matundu matatu ya teritwari moja.

Leo mzigo mwingi umehama reli na kupanda malori. Gécamines iliporomoka katika miaka ya 1990 na reli ikaporomoka nayo. Vichwa vya treni vilisimama, vituo vikaota majani. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilipoleta wawekezaji wapya, shaba ilirudi kwa kasi, lakini reli haikurudi nayo. Ikafuata safu ya malori. Kasumbalesa, takriban kilomita 90 kutoka Lubumbashi, ilipata sifa ya foleni zinazopimwa kwa makumi ya kilomita. Madereva wengi ni Watanzania na Wazambia, na Kiswahili cha Dar es Salaam kinakutana hapo na Kiswahili cha Katanga chenye Kibemba na Kifaransa ndani yake, mara nyingi kuhusu jambo moja: foleni inasogea?

Kwa madereva hao ramani ya simu inasaidia kidogo. Programu za ramani zimejengwa juu ya kazi ya Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye mwaka 1956 alibuni namna ya kupata njia fupi kuliko zote kati ya vituo viwili, akaionyesha kwa ramani ya miji 64 ya Uholanzi. Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael wa Stanford Research Institute waliongeza makadirio: katika kila njia panda, kompyuta iangalie pia umbali wa mstari mnyoofu uliobaki hadi mwisho wa safari, ili isipoteze muda kutafuta upande usio na faida. Mbinu hiyo, A*, haidanganyi mradi makadirio hayazidi gharama halisi. Mstari mnyoofu kutoka Mufulira hadi Mansa unapita Kongo, na kompyuta ikipima kilomita peke yake itakupeleka Kongo bila kusita. Inachokosa ni uzito wa mpaka. Saa za kusubiri Mokambo au Kasumbalesa hazitangazwi popote kwa utaratibu. Zinajulikana kwa waliofika. Kuzipima na kuzitangaza kila siku kungewasaidia madereva kuliko programu yoyote mpya, na ni kazi ambayo mamlaka za nchi zote mbili zinaiweza.

Kwa sasa habari zinapita kwa simu kutoka kwa dereva hadi dereva. Kuna sayansi hata ya hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Brussels, Jean-Louis Deneubourg na wenzake waliwapa sisimizi wa Argentina vijidaraja viwili kati ya kiota na chakula. Kila sisimizi huacha harufu anakopita, na wenzake hufuata penye harufu nyingi. Kijidaraja kimoja kikiwa kifupi, sisimizi wake hurudi mapema, harufu yake hukolea kwanza, na muda si mrefu kundi zima limehamia huko. Mwaka 1992 Marco Dorigo aliligeuza jambo hilo kuwa algoriti ya kupanga njia katika tasnifu yake huko Milano. Akaongeza sharti ambalo ni muhimu kwa mpaka kama wa Sakania: harufu lazima ipungue kadiri muda unavyopita. Habari kwamba Sakania ni kweupe ina thamani kwa muda mfupi. Isipopotea, malori yote yaliyoisikia yatakuja, na kufikia jioni Sakania itakuwa Kasumbalesa ya pili.

Mji wenyewe umebadilika. Mgodi wa Frontier, uliofunguliwa mwaka 2007, uko jirani nao, karibu kabisa na mpaka. Kabla yake, madini ya Lonshi yalichimbwa upande wa Kongo na kuvushwa kwa malori hadi kiwanda cha Bwana Mkubwa, Ndola, kwa sababu kilikuwa karibu na kilikuwa kimeshajengwa. Sasa mizigo inayotaka kuikwepa Kasumbalesa inaitazama Sakania upya, na barabara yake imeanza kuhesabika katika mipango ya watu ambao hawajawahi kufika.

Mipango mikubwa zaidi, hata hivyo, inachorwa mbali nayo. Mnamo Januari 2024 kampuni ya Lobito Atlantic Railway ilianza kuiendesha reli ya Benguela kwa mkataba wa miaka 30, na mzigo wa Kolwezi unaelekea tena magharibi. Mnamo Septemba 2024 Zambia, Tanzania na China zilitia sahihi makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja jipya juu ya Luapula, inakusudiwa kuwapeleka madereva kutoka Lubumbashi hadi njia ya Nakonde na Dar es Salaam bila kugusa Kasumbalesa, Mokambo wala Sakania. Na kuna pendekezo la reli ya takriban kilomita 800 kutoka Luacano nchini Angola hadi Chingola nchini Zambia. Reli hiyo ikijengwa, shaba ya Zambia itafika Lobito bila kuingia Katanga kabisa, na mabehewa ya Ndola yatakuwa na sababu moja pungufu ya kupanda kilomita zile chache za kaskazini hadi Sakania.